Mtu Mmoja, Majedwali Mengi: Historia ya Kufumwa Upya kwa Programu ya OpenMRS, Ikitazamwa kutoka Gisenyi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mabadiliko ya ndani ya OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, na Rwinkwavu, Rwanda, mwaka 2006. Mabadiliko yanayozungumziwa ni yale ambayo mtumiaji wa kawaida hayaoni: kuondoa msimbo uliorudiwarudiwa na kugawanya klasi zilizobebeshwa kazi nyingi mno. Inadaiwa kwamba kila hatua ya kazi hiyo ilikuwa pia uamuzi kuhusu nani anahesabiwa kuwa mtu, mgonjwa, au mhudumu, na kwamba sera za afya za kidijitali za ukanda wetu bado hazijaipa kazi hiyo nafasi inayostahili.

Jina lililohama ngazi

Hadi mwisho wa mwaka 2005, Gisenyi lilikuwa jina la mkoa mzima wa kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Kwa mageuzi ya utawala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2006, wilaya 106 za nchi zilipunguzwa hadi 30, na mikoa ikaunganishwa kuwa majimbo manne pamoja na Jiji la Kigali. Gisenyi ikawa umurenge mmojawapo wa wilaya ya Rubavu katika Jimbo la Magharibi. Rubavu nayo ni jina la wilaya na papo hapo ni jina la umurenge ulio ndani ya wilaya hiyo. Wenyeji hawakuchanganyikiwa hata kidogo. Waliendelea kusema wanakwenda Gisenyi, wakimaanisha mji ule ule wa kando ya Ziwa Kivu unaopakana na Goma, na kila msikilizaji akaelewa.

Kompyuta haina uelewa huo. Mgonjwa aliyeandikishwa mwaka 2005 kwa neno “Gisenyi” katika uga wa mkoa, na mwingine aliyeandikishwa mwaka 2008 kwa neno hilo hilo katika uga wa ngazi ya tatu, wanaweza kuwa majirani, lakini ripoti itawaweka mbali kama watu wa nchi mbili. Tatizo hili dogo ni mlango mzuri wa kuingilia mada yetu, kwa sababu mwaka ule ule wa mageuzi ndio ambao OpenMRS iliingia Rwanda, na kwa sababu njia iliyotumika kulitatua ilipitia moyoni mwa msimbo wenyewe.

Jedwali la anuani katika matoleo ya mwanzo lilikuwa na nyuga zenye majina ya maana mahususi: mmoja wa mtaa au seli, mwingine wa tarafa, mwingine wa kanda, mwingine wa kanda ndogo, mbali na zile za mji, wilaya na jimbo. Majina hayo yalitokana na mahitaji ya waliokuwa mezani wakati wa kubuni. Rwanda ina ngazi tano, yaani intara, akarere, umurenge, akagari na umudugudu, na kila mtayarishaji alilazimika kuamua uga upi ubebe ngazi ipi. Uamuzi huo ukajirudia katika kila fomu, kila ripoti na kila hoja ya utafutaji. Huo ndio msimbo rudufu kwa maana yake mbaya zaidi: mistari yenyewe inaweza kutofautiana, lakini ujuzi ulio ndani yake ni ule ule, umetawanyika mahali pengi, na ukibadilika lazima mtu akumbuke kuubadilisha kote.

Suluhisho lilikuja kwa njia mbili. Katika toleo la 1.8 la mwaka 2011, zile nyuga nne za majina mahususi zilipewa majina ya namba tu, anuani ya 3 hadi ya 6, na majina ya zamani yakawekewa alama ya kustaafishwa. Sambamba na hilo, moduli ya ngazi za anuani iliyokuwa imeandikwa awali kwa ajili ya Rwanda ilifumuliwa na kufumwa upya ili iweze kubeba ngazi za nchi yoyote. Maana ya kila ngazi ikawekwa mahali pamoja, katika usanidi, badala ya kukaa ndani ya mamia ya mistari ya msimbo. Hapa mtafiti wa historia apige kituo kidogo. Programu ambayo mara nyingi huelezwa kuwa imetoka Marekani kuja Afrika, katika sehemu hii ilipata umbo lake la jumla kutokana na umbo mahususi la Kinyarwanda.

Istilahi na asili yake

Dhana inayojadiliwa ina historia fupi. Mwaka 1992 William Opdyke aliwasilisha tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois kuhusu mabadiliko ya muundo wa programu yasiyobadilisha tabia yake. Mwaka huo huo Ward Cunningham alifananisha msimbo uliotolewa kwa haraka na deni: linaweza kuharakisha kazi, mradi lilipwe upesi, vinginevyo riba itammaliza mkopaji. Kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999 kilizifanya mbinu hizo kuwa maarifa ya kawaida ya fani, na katika sura aliyoiandika pamoja na Kent Beck, msimbo uliorudiwa uliwekwa mbele kabisa ya dalili za uozo, ukifuatwa kwa karibu na taratibu ndefu na klasi kubwa kupita kiasi.

Kwa Kiswahili napendekeza “ufumaji upya”. Mfumaji anayefumua sehemu ya kitambaa na kuifuma tena habadilishi kimo wala matumizi ya nguo. Anabadilisha mpangilio wa nyuzi ili isichanike. Maneno “ukarabati” na “maboresho” yanayoonekana katika nyaraka nyingi za serikali hayatoshi, kwa kuwa la kwanza linadokeza kwamba kitu kimeharibika, na la pili linadokeza kwamba mtumiaji atapata kitu kipya. Tofauti hii ina uzito wa kifedha, kama itakavyoonekana.

Kutoka Mosoriot

Mtangulizi wa OpenMRS upande wetu ni mfumo wa kumbukumbu wa Mosoriot, kituo cha afya cha vijijini magharibi mwa Kenya, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulijengwa kwa Microsoft Access. Mpango wa AMPATH wa kutibu UKIMWI ulipopanuka, mfumo wa aina hiyo ulizidiwa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret kuutazama, na kutokana na safari hiyo likaja wazo la kujenga msingi mpya. Kwa upande mwingine, shirika la Partners In Health, ambako Hamish Fraser aliongoza kazi hii, lilikuwa na mifumo yake ya Peru na Haiti, na mwaka 2005 likaanza kazi Rwanda. Makundi mawili yalikuwa yakiandika kitu kile kile mara mbili. Waliamua kukiandika mara moja, kwa lugha ya Java, na kukiacha wazi kwa kila anayekihitaji.

Kiini cha ubunifu huo ni kamusi ya dhana, wazo lililorithiwa kutoka mfumo wa Regenstrief wa miaka ya 1970. Badala ya kuwa na safu moja katika jedwali kwa kila kipimo, kila swali na kila jibu la kitabibu huwa ni ingizo katika kamusi, na kila uchunguzi huirejelea. Kuongeza kipimo kipya hakuhitaji kugusa msimbo. Kwa maoni yangu, uamuzi huu mmoja uliokoa msimbo rudufu mwingi kuliko kazi yote ya ufumaji upya iliyofuata. Hata hivyo, waliobuni kamusi kwa uangalifu mkubwa kiasi hicho hawakuwa na uangalifu wa kiwango hicho walipokuja kwenye swali lililoonekana jepesi: mtu ni nini?

Ni na ana

Katika matoleo ya awali kabisa, majina na anuani za wagonjwa zilikaa katika majedwali yake, na majina ya watumiaji wa mfumo, yaani wauguzi, madaktari na waingiza data, yalikaa katika jedwali lao. Msimbo wa kuhakiki jina, kulipanga na kulitafuta ulihitajika pande zote mbili. Uhusiano wa kifamilia ulileta tatizo la tatu, kwa sababu mama wa mtoto anayetibiwa aweza kuwa si mgonjwa wala mtumiaji, na bado lazima atajwe. Mapema katika mfululizo wa 1, watayarishaji waliunda klasi ya Mtu na kuhamishia humo majina, anuani, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Mgonjwa akawa ni aina ya Mtu, na Mtumiaji akawa ni aina ya Mtu. Huu ulikuwa ufumaji upya wa kitabu, safi na wa kupendeza.

Kasoro yake ilijificha katika neno “ni”. Katika Java, kitu kikishaundwa katika klasi fulani hukaa katika klasi hiyo maisha yake yote. Kifaa kinachounganisha vitu vya Java na majedwali, kiitwacho Hibernate, kiliheshimu kanuni hiyo, na kila safu ya Mtu ikawa na aina yake. Sasa tumfikirie muuguzi wa kliniki ya wilaya ambaye naye anatibiwa katika kliniki hiyo hiyo. Katika programu za UKIMWI za miaka ile, hali hii ilikuwa ya kawaida. Muuguzi huyo ni Mtumiaji. Ili awe Mgonjwa, namba yake moja ya utu ingelazimika kuwa ya klasi mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo muundo haukulikubali. Njia rahisi ya kukwepa ilikuwa kumwandikisha upya kana kwamba ni mtu mwingine. Hapo mfumo uliojengwa ili mgonjwa mmoja awe na jalada moja ulikuwa unazalisha majalada mawili kwa sababu ya umbo lake wenyewe, na urudufu ulioondolewa katika msimbo ukarudi kupitia data.

Toleo la 1.6 la mwaka 2010 lilitenganisha mambo hayo. Tangu hapo Mtumiaji si aina ya Mtu tena. Mtumiaji ni akaunti ambayo ina Mtu. Mabadiliko ya silabi chache, kutoka “ni” hadi “ana”, yaligusa usalama, fomu, ripoti na moduli zote zilizoamini kwamba mtumiaji anaweza kuulizwa jina lake moja kwa moja. Wanaisimu wa Kiswahili hawatashangaa. Sisi tuna nomino kama kipofu na kiongozi, ambazo umbo lake ni la KI-VI na upatanisho wake ni wa A-WA, kwa kuwa utu wa anayetajwa unashinda umbo la neno. Lugha ilijifunza zamani kwamba umbo na uhai ni mambo mawili.

Hatua ya pili ya utengano huo ilichelewa hadi toleo la 1.9 la mwaka 2012. Kabla yake, mhudumu aliyetajwa katika kila hudhurio la mgonjwa alikuwa kwanza Mtumiaji, kisha Mtu. Lakini mhudumu wa kliniki ya mlimani ambaye hagusi kompyuta, ambaye fomu zake za karatasi huingizwa na karani, hana haja ya akaunti ya kuingilia mfumo. Kumpa akaunti ili tu jina lake lionekane ni kufungua mlango wa usalama usiohitajika. Toleo la 1.9 likaleta klasi ya Mhudumu, na hudhurio moja likaruhusiwa kuwa na wahudumu kadhaa, kila mmoja na jukumu lake.

Katika toleo hilo hilo kulifanywa jambo ambalo kwa Gisenyi lina uzito wa pekee. Mji ulio mpakani, wenye watu wanaovuka kila siku, na wenye majina ya Kinyarwanda yanayoandikwa na mikono iliyofunzwa Kifaransa, Kiingereza au Kiswahili, hauwezi kukosa wagonjwa walioandikishwa mara mbili. Sauti za “l” na “r” hubadilishana katika uandishi. Ndugu wa tumbo moja kwa kawaida hawana jina la pamoja la ukoo. Tarehe ya kuzaliwa mara nyingi ni makadirio. Kwa ajili ya hali kama hizi palitengenezwa moduli ya kutafuta majina kwa matamshi, yenye kanuni zilizoandikwa mahususi kwa Kinyarwanda. Moduli husaidia kugundua. Kuunganisha majalada yaliyogunduliwa ni kazi ya utaratibu mmoja ndani ya kiini cha OpenMRS.

Utaratibu huo ulikuwa umekua ukawa mrefu na wa kutisha. Ulihamisha mahudhurio, uandikishaji katika programu za tiba, mahusiano, uchunguzi, namba za utambulisho, majina, anuani, jinsia na tarehe za kuzaliwa na kufa, yote kwa mfululizo, kutoka jalada moja kwenda jingine. Kosa moja hapo humpa mgonjwa historia ya mwenzake, na hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Watayarishaji waliugawanya kuwa taratibu ndogo, kila moja kwa jina la kile inachounganisha, na wakaongeza kumbukumbu ya muunganisho inayoeleza nini kilihamishwa kutoka wapi. Kumbukumbu hiyo ilikuwa rahisi kuongezwa kwa sababu kila kipande sasa kingeweza kutoa taarifa ya kazi yake. Kama kuna mfano mmoja wa kumwonyesha mshauri wa sera anayeuliza ufumaji upya unamsaidia nani, ningemwonyesha huu: muunganisho unaokaguliwa ni haki ya mgonjwa, na haki hiyo ilihitaji kwanza utaratibu mrefu ukatwe vipande.

Deni la moduli

Simulizi hadi hapa linaweza kuacha taswira ya maendeleo yasiyo na gharama. Gharama ilikuwepo, na haikugawanywa sawasawa.

OpenMRS ilijengwa kama kiini chenye moduli zinazochomekwa, ili kila nchi iongeze mahitaji yake. Wizara ya Afya ya Rwanda iliichagua kuwa mfumo wa kitaifa wa kumbukumbu za wagonjwa, na watayarishaji Wanyarwanda, baadhi yao wakiwa wamepitia mafunzo maalumu yaliyoanzishwa Kigali kwa ajili hiyo, waliandika moduli za usajili wa huduma za msingi, malipo, maabara na dawa. Kila moduli ilisimama juu ya violesura vya kiini kama vilivyokuwa siku hiyo. Kiini kilipofumwa upya, moduli ilibaki imeshika uzi ambao umeshaondolewa.

Kwa kujua hilo, jumuiya ya OpenMRS haikufuta kitu mara moja. Majina ya kale yaliwekewa alama ya kustaafishwa na kuachwa yafanye kazi kando ya mapya. Huo ni uungwana, na uungwana huo ulizaa urudufu wa aina nyingine: kwa miaka mingi kulikuwa na njia mbili, wakati mwingine tatu, za kumpata mhudumu wa hudhurio, zote halali. Toleo la 1.10 la mwaka 2014 lilifuma upya klasi ya Maagizo, ili agizo la dawa likishatolewa lisibadilishwe, na mabadiliko yoyote yawe agizo jipya linalorejelea la zamani. Kitabibu uamuzi huo hauna ubishi, kwani daktari anapaswa kujua nani alibadili kipimo na lini. Kwa Rwanda, yenye moduli zilizojengwa juu ya maagizo ya mtindo wa kale, ilibidi iandikwe moduli ya daraja kati ya maagizo ya kale na mapya. Daraja halimpi mgonjwa huduma mpya. Linazuia tu aliyokuwa nayo isikatike.

Mwaka 2016 Jukwaa la 2.0 liliondoa kwa wingi msimbo uliostaafishwa na kukitoa kiolesura cha zamani cha mtumiaji kutoka kwenye kiini hadi moduli ya pekee. Kiini kikapungua uzito. Waliokuwa wamefuata mabadiliko mwaka baada ya mwaka walihama kwa taabu ya kadiri, na waliokuwa wamesubiri walikuta wanadaiwa deni la miaka yote kwa mkupuo.

Kwa nini nchi husubiri? Sidhani ni uzembe. Mikataba ya ufadhili wa afya ya kidijitali katika ukanda huu hupimwa kwa idadi ya vituo vilivyounganishwa, fomu zilizoongezwa na ripoti zilizotumwa. Kazi ambayo mafanikio yake ni kwamba hakuna kilichobadilika machoni pa mtumiaji haina mahali pa kuandikwa katika jedwali la viashiria. Mtayarishaji wa Kigali au Kampala anayetumia miezi mitatu kuondoa urudufu huonekana hakufanya kazi. Na ieleweke kwamba ustadi upo: baadhi ya watunzaji wakuu wa kiini chenyewe kwa miaka mingi wamekuwa Waganda. Kinachokosekana ni mstari wa bajeti. Bajeti inayotenga fedha za kununua seva na kuzirudishia umeme kila mara unapokatika, lakini isiyotenga chochote kwa msimbo unaoendeshwa na seva hizo, inachukulia msimbo kuwa jengo lililokwisha. Pendekezo langu kwa wizara ni la kiasi: kila mkataba wa kuongeza moduli mpya ubebe sehemu iliyotajwa kwa jina la kufuma upya moduli za zamani, na upimwe kwa majaribio yanayothibitisha kwamba tabia ya mfumo haikubadilika. Majaribio hayo yanahesabika, kwa hiyo yanaweza kuingia katika jedwali la viashiria bila kuhitaji falsafa mpya ya ufadhili.

Kilichobaki bila kufumuliwa

Si kila uzi ulifumuliwa. Mtumiaji aliacha kuwa aina ya Mtu mwaka 2010, na Mhudumu hakuwahi kuwa aina ya Mtu. Mgonjwa bado ni aina ya Mtu, hata katika mfululizo wa 2. Mama aliyeingizwa katika mfumo kama ndugu wa mtoto wake, kisha siku moja akaja kliniki yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, anakutana na kizuizi kile kile cha zamani: tayari ni Mtu, na Hibernate haiwezi kumgeuza kuwa Mgonjwa. Kwa ajili yake kuna utaratibu mdogo ndani ya msimbo unaopita kando ya Hibernate na kuweka moja kwa moja, kwa amri ya hifadhidata, safu tupu katika jedwali la wagonjwa yenye namba yake ya utu, ili kifaa kikija kutazama kikute mgonjwa ambaye kana kwamba alikuwepo siku zote. Moduli nyingi mno, katika nchi nyingi mno, zinategemea Mgonjwa awe ni Mtu, na hakuna aliyejitokeza kulipia kazi ya kubadilisha neno hilo.